Sahani Kutoka Kushoto

Chuo cha wahudumu wa boti za kifahari kilikuwa Koekelberg, mtaa mmoja wa Brussels, mahali ambapo maji mengi kuliko yote mtu aliyoweza kuyaona ni ya mvua. Kilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya nyumba iliyowahi kuwa kliniki ya meno, na ukiingia bado ulisikia ile harufu inayomfanya mtu afumbe mdomo. Mwenye chuo, Madame Sidonie, alikuwa amebandika utepe wa bluu sakafuni kuonyesha korido zinapopita, kwa sababu korido za boti ni nyembamba na nyumba ya daktari wa meno ilikuwa pana. Mwanafunzi akikanyaga nje ya utepe, Madame alimjulisha kwamba ameshatumbukia baharini, kisha akaendelea na somo.

Shamimu alifika hapo mwaka 2012, umri wake ukikaribia thelathini, baada ya kutandika vitanda vya hoteli moja karibu na stesheni ya Kaskazini kwa muda mrefu mno. Ilifika mahali akiona kitanda kwenye televisheni anatazama kwanza pembe za shuka, ndipo amtazame aliyelala. Hakuichukia hoteli wala Brussels. Alichoka tu kuwa mtu pekee katika jengo zima ambaye hana safari. Kila asubuhi alikunja nguo za watu waendao mbali, na kila jioni yeye alirudi Ganshoren kwa basi. Aliposikia kwamba ziko boti ambazo mtu anatandika kitanda kilekile, kwa kukunja pembe zilezile, halafu akichungulia dirishani anakuta nchi nyingine, aliona hiyo ndiyo kazi yake na kwamba kulikuwa na uzembe mahali fulani hata hakuambiwa mapema.

Kule Ganshoren aliishi na mama yake, Rukiya, ambaye Warundi wote wa Brussels walimwita Maman Rukiya, hata waliomzidi umri. Walitoka Buyenzi, Bujumbura, Shamimu akiwa mtoto, wakati wa vita. Maman Rukiya alikuwa mpishi wa sambusa. Hapakuwa na ndoa wala matanga ya Waislamu wa Bujumbura katika mji ule ambayo hakukaanga yeye, na katika jengo lao jirani wa juu alilalamika kuhusu harufu na jirani wa chini aliuliza watakaanga tena lini. Alikuwa mama mwenye maneno machache na adabu nyingi, na hizo adabu alizigawa bila kuombwa.

Habari ya boti ilimfikia jikoni, akikunja sambusa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Shamimu," akasema, "ile meli tulipanda mimi na wewe kwenda Kigoma, ilikuwa na muntu wa kupiga pasi?"

"Hapana, maman."

"Na tulifika?"

"Tulifika."

"Donc. Basi."

Akakunja nyingine mbili tatu. Halafu akatoa hukumu yake. Angekuja kuiona kazi hiyo kwa macho yake, siku ya mtihani, kwa kuwa Shamimu alikuwa amemwambia kwamba kila mwanafunzi anatakiwa alete mgeni mmoja wa kukaa mezani. "Kama ni kazi ya heshima, radhi yangu utapata," alisema. "Kama ni ya kujishusha, utaenda tu, mimi sitakufunga kamba. Lakini radhi usiniombe."

Wapo watu wanaoweza kusafiri bila radhi ya mama na wakalala usingizi. Shamimu hakuwa mmoja wao, na alikuwa ameshajaribu. Mara moja alikwenda pwani ya Ostende na marafiki baada ya kuagana na mama yake kwa hasira, akatapika njia nzima, tena ndani ya treni. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwake tangu siku ya kwanza. Cheti angepewa na Madame Sidonie, lakini ruhusa ya kuondoka ilikuwa Ganshoren, jikoni, na bila hiyo cheti kilikuwa karatasi ya kufungia sambusa.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kujifunza kutokuwepo. Madame Sidonie alikuwa amefanya kazi baharini tangu ujana wake, na mpaka leo alitembea kwa kuachanisha miguu kidogo kana kwamba Koekelberg inaweza kuinama wakati wowote. Alifundisha kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kwa sababu kwenye boti hakuna anayepaza sauti isipokuwa mwenye boti. Mgeni akitoka chumbani kwenda kunywa chai, arudi akute chumba kipya na asijue ni nani aliyepita. Bomba la bafuni lisafishwe kwa pamba za masikio. Mashine ya zulia ivutwe kinyumenyume mpaka mlangoni, ili mistari ibaki na nyayo zisibaki. Shamimu aliyapokea hayo yote bila shida. Alikuwa na miaka mingi ya kutoonekana hotelini, tofauti ni kwamba kule hakuna aliyemsifu kwa hilo.

Shida ilikuwa mezani.

Siku ya kwanza ya kuhudumia chakula, Shamimu alimpelekea Madame sahani kama alivyolelewa. Alishika sahani kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaushikiza chini ya kiwiko cha ule wa kulia, akainama kidogo. Kwao ndivyo mtu anavyompa kitu mkubwa wake. Madame Sidonie aliitazama sahani, akakitazama kiwiko.

"Umeumia?"

"Hapana, Madame. Ni heshima."

"Mgeni atadhani umevunjika," akasema Madame. Kesho yake alimletea dawa ya kuchua, kwa tahadhari tu.

Kisha ikaja sheria yenyewe. Kwenye boti zake Madame, sahani hutoka upande wa kushoto wa mgeni na huwekwa kwa mkono wa kushoto. Upande wa kulia ni wa kumiminia vinywaji na kuondolea vyombo, ili watu wawili wasigongane mbele ya pua ya mwenye boti wakiwa na supu ya moto. Shamimu aliuliza kama inawezekana kusimama kushoto na kutoa kwa mkono wa kulia. Madame alisema haiwezekani, akaendelea na visu.

Katika nyumba ya Maman Rukiya mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake, na kazi hizo zilifanyika chooni mlango ukiwa umefungwa. Haukugusa chakula, haukumpa mtu kitu, haukusalimia. Na kwa Shamimu jambo hili lilikuwa na mizizi zaidi, kwa sababu alizaliwa mashoto. Alipoanza kushika kijiko alikishika kwa kushoto, na mama yake alichukua kipande cha kitenge akaufunga mkono ule ubavuni kila wakati wa kula, kwa upole, bila kumpiga, mpaka ule wa kulia ukajifunza. Ilichukua muda. Baadhi ya jioni mtoto alilia, mama naye akalia, lakini kitenge hakikufunguliwa. Mwishowe kazi ikakamilika, na Maman Rukiya aliihesabu miongoni mwa mambo aliyoyafanya vizuri duniani.

Basi siku Shamimu alipouinua mkono ule na sahani juu yake, katika kliniki ya meno, mbele ya kiti kitupu, sahani ilitua mezani bila sauti yoyote. Mwanafunzi mwenzake Mathieu, kijana wa Kikongo wa Ixelles ambaye sahani zake zilitua kama masanduku, aliacha kukunja leso akageuka. Madame Sidonie aliomba airudie. Akairudia. Uma haukutikisika.

"Mkono huu ulikuwa wapi siku zote?" akauliza Madame.

"Ulikuwa umefungwa," akajibu Shamimu, na Madame akadhani ni namna ya kusema.

Kuanzia hapo akawa wa kwanza darasani. Alifurahi na aliona aibu, vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu aliyegundua kwamba anacheza vizuri dansi ambayo nyumbani hairuhusiwi. Nyumbani alifanya mazoezi mama yake akiwa sokoni. Wageni wake walikuwa mito ya makochi. Hakumwambia mama kuhusu kushoto, akijipa moyo kwamba siku ya mtihani mtu mwingine ndiye atakayemhudumia Maman Rukiya, kwa vile Madame alikuwa na desturi ya kutompanga mwanafunzi na mgeni wake.

Siku yenyewe Maman Rukiya alikuja na vazi la sikukuu na kitambaa cha kichwa cha rangi ya dhahabu kilichobanwa kwa pini. Wageni wengine walikuwa wazazi wa wanafunzi wawili, wasichana wa Kiflemish, na Papa Kyungu, mjomba wake Mathieu, fundi cherehani wa barabara ya Chaussée de Wavre, aliyekuja na njaa. Divai yote ilikuwa maji kwenye chupa za divai, kwa sababu Madame alijali pesa zake, na jambo hilo lilimtuliza Maman Rukiya. Madame akamwonyesha kiti chake, upande wa meza wa Mathieu.

"Mutoto wangu anahudumia wapi?" akauliza Maman Rukiya kwa Kifaransa kizuri tu, isipokuwa lile neno la kwanza.

Madame akaonyesha upande wa pili.

"Bon," akasema Maman Rukiya, akahama. Mathieu, ambaye Shamimu alikuwa amemweleza habari ya mkono, alimfuata akamwomba kwa heshima amruhusu yeye amhudumie. "Wewe ni mutoto muzuri," akamwambia, "lakini nimekuja kuona kazi ya huyu. Ya kwako mujomba yako ataona." Akaketi. Madame Sidonie alikuwa amewahi kushindana na wenye boti wengi, na alijua sura ya mtu asiyehamishika.

Supu ilitoka. Shamimu aliwahudumia wazazi wa Kiflemish kwa kushoto, laini, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kushoto kwa mama yake, bakuli lilihama mkono lenyewe hewani. Lilikwenda kulia. Kiwiko kikapita mbele ya uso wa Maman Rukiya, kikagusa kile kitambaa cha dhahabu kikakisogeza, na supu kidogo ikaruka ukingo ikatua kwenye kitambaa cha meza.

"Aksanti, mutoto," akasema Maman Rukiya, akatabasamu, na katika mtihani mzima hakutabasamu tena.

Jikoni Madame alimwambia Shamimu, kwa ile sauti ya chini, kwamba amebakiza sahani moja. Nahodha mmoja wa Antibes, bandari ya boti kusini mwa Ufaransa, anamtafuta mtu msimu huu, yeye atampa jina la mtu mmoja tu, na hatampa jina la mtu anayempiga mgeni kichwani. Shamimu aliitikia. Alichukua samaki. Njia kutoka jikoni mpaka mezani, kati ya zile tepe za bluu, ilikuwa fupi, na humo alitamani boti izame kweli.

Alisimama kushoto kwa mama yake. Akanong'ona, "Maman, unisamehe." Mkono wa kushoto ukashuka na sahani ikatua bila sauti.

Maman Rukiya hakumtazama samaki. Aliutazama mkono, mpaka ulipoondoka. Aliujua mkono huo vizuri, aliufunga mwenyewe. Kisha akaweka mikono yake miwili mapajani, akakaa wima, na hakula.

"Maman Rukiya, kula," akasema Papa Kyungu kutoka upande wa pili, mdomo ukiwa na kazi. "Samaki hana kosa."

"Bon appétit, papa," akasema Maman Rukiya.

Samaki akapoa. Madame Sidonie alitangaza matokeo palepale akiwa amesimama, na Shamimu akawa ndiye aliyepita vizuri kuliko wote. Jina lake lingekwenda Antibes siku ileile. Watu walipiga makofi, Papa Kyungu akipiga kuliko wengine, na akaomba yule samaki kama hana mwenyewe.

Walirudi Ganshoren kwa miguu. Maman Rukiya alitangulia mbele, na Shamimu alifuata nyuma akikitazama kile kitambaa ambacho bado kilikuwa kimekaa upande. Siku zilizofuata mama hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alipika kama kawaida, ila aliacha kumpa Shamimu sahani mkononi. Aliweka sufuria katikati ya meza, na kila mtu akajipakulia mwenyewe kama wako kantini. Nahodha wa Antibes akapiga simu akasema aje. Shamimu akamwomba muda, akaenda kumwambia mama, na mama akauliza kama nyumbani bado kuna unga.

Jumapili asubuhi Shamimu alikata shauri. Alikuwa amelia vya kutosha na kulia hakukumsaidia. Akaingia jikoni.

"Maman, nitamwambia Madame siendi. Nitarudi hotelini."

"Nani alikuambia usiende?"

"Sina radhi."

Maman Rukiya alikaa kwenye kiti. "Kwanza unielezee," akasema. "Ile mukono. Juu ya nini? Wale watu iko na mikono mbili, sawa na sisi. Juu ya nini wanachagua ile?"

Shamimu alifungua kabati. Alichukua sahani tupu. "Ukae vile, maman. Uangalie mbele." Alisimama kushoto kwa mama yake akaiweka sahani kwa mkono wa kulia, na kiwiko kikapita mbele ya pua ya Maman Rukiya, naye mama akalazimika kurudisha kichwa nyuma. Akaiondoa. Akaiweka tena kwa kushoto. Sahani ilitua, na mbele ya uso wa Maman Rukiya hapakuwa na kitu, aliona dirisha lote.

"Rudia," akasema Maman Rukiya.

Akarudia, kulia kisha kushoto.

"Donc ni juu ya kiwiko."

"Ni juu ya kiwiko, maman. Wasimpige mgeni."

"Na ile supu?"

"Ile supu nilikupiga."

"Nilisikia. Nilifikiri ni woga." Aliitazama sahani. "Ile madame angesema tangu mwanzo. Muntu unakaa pale unafikiri mutoto wako anakutukana mbele ya Kyungu."

Shamimu alitaka kucheka lakini uso wa mama yake haukumpa nafasi. Maman Rukiya alikuwa ameukamata mkono ule wa kushoto, ameugeuza kiganja juu, anautazama kama mtu anayekagua nyama dukani.

"Nilikufunga juu watu wasiseme mutoto wa Rukiya hana adabu," akasema.

"Ninajua, maman."

"Ulilia sana."

"Na wewe ulilia."

Mama aliuachia mkono. Shamimu akangoja. Mwishowe akauliza: "Alors, niende?"

"Bado sijasema," akajibu Maman Rukiya, akainuka kutafuta unga. "Kata tiketi. Siku ya treni utajua."

Hilo halikuwa jibu, lakini Shamimu hakupata lingine. Alikata tiketi. Alifungasha sanduku, akampigia nahodha, akamuaga Mathieu aliyepata kazi ya mgahawani huko Ixelles, kwenye meza nzito zisizodhurika. Yote hayo aliyafanya huku akijua kwamba mama yake akifika stesheni na asiseme neno, yeye atageuka na sanduku lake arudi Ganshoren, na nahodha atafute mtu mwingine. Hakumwambia mtu yeyote. Ukweli ni kwamba aliogopa kuliko alivyoogopa mtihani.

Asubuhi ya safari walisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Midi, treni ya kusini ikiwa tayari na milango wazi. Maman Rukiya alikuwa amevaa tena kitambaa cha dhahabu, na alibeba mfuko ambao hakuruhusu mtu amsaidie. Walizungumza habari za baridi. Walizungumza habari za jirani wa chini. Kondakta alitazama saa, na Shamimu akaushika mpini wa sanduku bila kujua analisukuma upande gani.

Hapo Maman Rukiya akatoa kwenye mfuko kopo kubwa la plastiki lenye sambusa, bado za moto, kifuniko kimejaa mvuke. Shamimu akanyoosha mkono kupokea, lakini mama hakumpa. Alimzunguka kwanza. Alipita nyuma yake polepole, akalikwepa sanduku, akaja kusimama upande wake wa kushoto, akajiweka sawa. Mkono wake wa kulia akaupeleka nyuma ya mgongo kama alivyowaona wale vijana wakifanya Koekelberg. Akalileta kopo mbele kwa mkono wa kushoto. Katika maisha yake yote mkono huo haukuwahi kumpa mtu chakula.

Shamimu alilipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Kiwiko kimekugusa?" akauliza Maman Rukiya.

"Hapana, maman."

"Bon. Radhi uko nayo. Panda."